Kifaru na Hatia ya Kutojua

Kila mwaka, nianzapo kufundisha maarifa ya viumbe kwa wanachuo wapya wa ualimu, huwauliza swali jepesi: kifaru ni mnyama wa namna gani? Majibu hayabadiliki. Huambiwa kwamba kifaru ni mkali, ni mjinga, ana hasira pasipo sababu, na kwamba akighadhibika hukishambulia chochote kilicho mbele yake, uwe mti au liwe jiwe. Mwanachuo mmoja kutoka Ukunda aliwahi kuongeza kwamba hiyo ndiyo sababu majeshi yakaliita kifaru lile gari la vita la chuma lenye mzinga, kwa kuwa nalo huponda bila ya kuuliza. Darasa zima lilimpigia makofi. Ndipo nikauliza swali la pili: ni nani kati yenu aliyepata kumwona kifaru kwa macho yake? Makofi yalikoma. Mikono iliyoinuka ilikuwa mitatu.

Wala si ajabu. Sisi tukaao Kwale, tangu Diani na Msambweni hata Lunga Lunga, twaweza kupanda milima ya Shimba tukaona ndovu na palahala, lakini kifaru hatumwoni huko. Aliye karibu nasi yuko Tsavo, ng'ambo ya nyika ya Taru, na wengi wetu hupita kando ya Tsavo usiku, tumelala ndani ya basi la Nairobi. Basi hukumu tuliyompa haikutoka kwa mashahidi. Imekuja mdomo kwa mdomo, kama habari za mtu wa kijiji cha mbali.

Wazungu nao walipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1515 kifaru mmoja wa Bara Hindi alifikishwa Ureno kwa jahazi, zawadi kwa mfalme Manuel. Mchoraji hodari wa Kijerumani, Albrecht Dürer, hakumwona mnyama yule hata siku moja; alipata barua na mchoro mdogo tu, naye akachora kifaru aliyevaa deraya ya chuma, mwenye pembe ndogo ya ziada mgongoni. Kwa zaidi ya miaka 200 watu wa Ulaya waliamini kwamba kifaru yuko hivyo. Mnyama mwenyewe alikufa maji karibu na Italia mwaka uliofuata, akiwa njiani kupelekwa kwa Papa, na picha ndiyo iliyobaki kumsemea.

Nataka tumrudishe kifaru mbele ya baraza, tumsikilize upya, kisha tulitazame swali ambalo kesi yake hulizua, swali lililowashughulisha wenye hekima tangu kale: je, mtu asiyejua ana hatia?

Tuanze na macho. Macho ya kifaru ni madogo, yamekaa kando ya kichwa kikubwa, na nuru yake ni haba. Mtu akisimama kimya pasipo kutikisika, akawa mbali kwa kiasi cha mita 30 hivi, kifaru hawezi kumtofautisha na kisiki. Sasa, msomaji, jiweke mahali pake. Harufu ngeni imekuja na upepo. Tawi limevunjika. Kuna kitu mbele yako, nawe huoni ni kitu gani, na nyuma yako yuko mtoto wako wa pekee uliyemchukua mimba kwa miezi 15 na zaidi. Utafanya nini? Kifaru, ambaye ana uzito wa kilo 1,000 hivi na aweza kupiga mbio za kilomita 50 kwa saa, pengine hukimbia, na pengine huchagua kukikabili kitu kile. Mara nyingi husimama katikati ya mbio zake, akapumua kwa kishindo, akageuka akaenda zake, maana alitaka kutisha tu. Akigonga jiwe twacheka na kumwita mjinga. Lakini je, kipofu akijikwaa kwenye ngazi, twamwita mjinga?

Alichonyimwa machoni alipewa kwingine. Masikio yake mawili hugeuka kila moja kwa njia yake, hata huweza kusikiliza mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Na pua yake ndiyo hasa jicho lake. Vifaru hupenda kwenda haja mahali pamoja, kwenye lundo moja la kinyesi ambalo wote wa eneo lile huliendea. Anayefika hunusa kwanza, ndipo naye akaacha chake, na kifaru mweusi hukipigapiga kwa miguu ya nyuma, akaichukua harufu nyayoni mwake na kuisambaza njiani. Kwa kunusa tu hutambua ni nani aliyepita, kama ni dume au jike, mzima au mtoto. Tulikuwa tukisema kwamba kifaru ni mpweke asiyependa wenziwe. Kumbe ana baraza yake, na habari za mtaa wote huzipata hapo, ila sisi hatukuitambua kuwa ni baraza kwa sababu ya harufu yake.

Jina lake nalo ni la kimakosa. Kifaru mweusi si mweusi, na kifaru mweupe si mweupe. Wote wawili wana rangi ya kijivu, na wale wa Tsavo huonekana wekundu kwa kuwa hugaagaa katika udongo mwekundu. Kinachowatenga ni mdomo. Mweupe ana mdomo mpana, hula majani ya chini kama ng'ombe. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, unaoshika kama kidole, naye hutumia mdomo huo kuvuta vijiti katikati ya miiba. Hula hata mimea yenye utomvu mkali ambao ukimwingia mtu jichoni hulia siku nzima. Wala nasaba yake si ya ndovu au kiboko kama umbo lake linavyotudanganya. Jamaa zake wa karibu ni farasi na punda. Yule punda apitaye uchochoroni na madebe ya maji ana ujamaa zaidi na kifaru kuliko alio nao kiboko, na ushahidi uko miguuni: kifaru hukanyaga kwa vidole vitatu kila mguu, na punda amebakiwa na kimoja, ukwato wake.

Nina jambo moja zaidi la maumbile yake, nalo hulipenda kuliko mengine yote. Yuko ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu atuaye juu ya mgongo wa kifaru na kuokota kupe. Kiswahili humwita askari wa kifaru. Kwa miaka mingi wataalamu waliliona jina hilo kuwa ni pambo la lugha tu. Kisha watafiti wawili wakaamua kulipima huko Afrika Kusini: walikuwa wakiwaendea vifaru kwa miguu, mara wenye ndege, mara wasio na ndege. Mwaka 2020 walitangaza waliyoyaona. Kifaru asiye na ndege mara nyingi hakugundua kabisa kwamba mtu anamjia, na alipogundua, mtu alikuwa amefika kwa wastani wa mita 27. Mwenye ndege aligundua kila mara, mtu akiwa bado mbali kwa mita 61, kwa sababu ndege hupiga kelele aonapo binadamu. Basi jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo, na elimu ilikuwa imehifadhiwa katika lugha yetu wakati sisi wenyewe, wenye lugha, hatukuisikiliza. (Askari huyu si mwaminifu kupita kiasi. Akiona kidonda katika ngozi ya bwana wake, hunywa damu. Lakini ni askari gani asiyedai mshahara?)

Sasa tulirudie swali letu. Kifaru akimjeruhi mtu asiyemdhuru, hana hatia, maana hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua. Je, udhuru huo huo watufaa sisi? Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba jambo litendwalo kwa kutojua halihesabiwi kuwa limetendwa kwa hiari. Hata hivyo hakuuacha mlango wazi. Alitaka aliyetenda aumie moyoni na kujuta pale ajuapo alilolifanya. Kama hajuti, hawezi kusema kwamba lilikuwa kinyume cha mapenzi yake. Tena alisema kwamba mtu aweza kuadhibiwa kwa kutojua kwenyewe, ikiwa ameuleta ujinga ule mwenyewe, kama mlevi ambaye hakujua alilotenda lakini alijua alichokunywa. Nao mahakimu hufuata njia hiyo hata leo wakisema kwamba kutojua sheria si udhuru. Lakini ni rahisi kuyakubali hayo katika kitabu. Tuyapime kwa mambo yaliyotendeka.

Pembe ya kifaru kwa Kiswahili ni kipusa, na neno hilo hilo vijana hulitumia kwa msichana mzuri, jambo linaloonyesha jinsi pembe ile ilivyothaminiwa. Biashara yake ni kongwe. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita huzitaja bidhaa za Rhapta, bandari ya pwani hii yetu ya Afrika Mashariki: pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Na kipusa ni nini? Ukikipasua hukuti mfupa ndani yake, kama ukutavyo katika pembe ya ng'ombe. Ni keratini tupu, kitu kile kile kinachofanya kucha za vidole vyako, nywele zako na kwato za punda. Kikikatwa vizuri huota tena. Waganga wa Kichina walikitia katika dawa za homa. Watu wa Yemen walikifanya mpini wa jambia, na katika miaka ya 1970, vijana wao walipopata fedha nyingi kwa kufanya kazi Saudia, kila mmoja alitaka jambia lenye mpini huo ambao zamani ulikuwa wa wakubwa tu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha walikuwa wamebaki pungufu ya 400. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, lakini bunduki za majangili hazikusoma sheria hiyo.

Fikiri juu ya baba fulani katika mji wa mbali, mwanawe anachemka kwa homa, naye auza alichonacho ili anunue unga wa kipusa. Je, ana hatia ya kifo cha kifaru wa Tsavo? Mimi siwezi kumhukumu baba huyo. Hakujua kwamba amenunua kucha. Lakini mfanyabiashara aliyemuuzia je? Na yule aliyeipakia bidhaa melini usiku bandarini, akijua vema kwamba imekatazwa, ila hakutaka kuuliza imetoka wapi? Hapo ndipo kutojua kunapoanza kunuka. Kuna mtu asiyejua kwa kuwa hakufikiwa na habari, na kuna mtu asiyejua kwa kuwa aliufumba mlango habari isimfikie. Wa pili amefanya kazi ili asijue, na kazi hiyo ina ujira.

Hata sisi tunaowalaumu Wachina tumewasingizia. Kotekote husemwa kwamba huinunua pembe ili kuamsha ashiki, nasi twacheka. Vitabu vyao vya tiba vya zamani viliitaja hasa kwa homa. Tumeisambaza habari ambayo hatukuihakikisha, na kuna ubaya zaidi: huenda mtu mwingine aliisikia kwetu akaenda kuinunua kwa sababu hiyo.

Si kila kifaru aliyeuawa ameuawa na ujinga, nami sitaki kuyapotosha mambo ili yafuate insha yangu. Kati ya mwaka 1944 na 1946, kule Makueni, mwindaji wa serikali ya kikoloni aitwaye J. A. Hunter aliwaua vifaru karibu 1,000 kwa bunduki, ili Wakamba wapate mashamba. Wote waliohusika walijua walitendalo. Nayo ardhi ilihitajiwa, ingawa yafaa kuuliza kwa nini Wakamba walikuwa wamebanwa hata wakapungukiwa na ardhi katika nchi yao wenyewe. Swali la Makueni ni la haki ya watu na haki ya wanyama, nalo lataka insha yake.

La Tsavo, lakini, ni letu. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Nia ilikuwa njema. Walichukuliwa na watu waliowapenda, wenye elimu ya kazi hiyo, na fedha nyingi zilitumika. Maji yaliyokuwa huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Mnyama akinywa maji ya chumvi hupata kiu, akipata kiu hunywa tena, na kila anywapo hujiongezea kiu na sumu. Kumi walikufa. Wa kumi na moja, aliyebaki, alishambuliwa na simba, naye akafa. Uchunguzi ulifanywa, ukaonyesha uzembe, na baadhi ya maofisa wakasimamishwa kazi.

Niliisoma habari hiyo gazetini nikiwa nyumbani, na jirani yangu, mwanamke ambaye hakupata kwenda shule, aliuliza swali moja: "Kwani hawakuyaonja?" Hapa kwetu visima vingi vilivyo karibu na bahari ni vya maji ya chumvi. Mke anapohamia nyumba mpya, jambo la kwanza ni kuteka ndoo moja akayaonja maji, kabla ya kufungua mizigo. Hakuna anayemfundisha. Maofisa wale walikuwa na vipimo vikubwa kuliko ulimi wake, na ndiyo sababu kutojua kwao ni kuzito kuliko kutojua kwa baba yule wa mbali mwenye mtoto mgonjwa. Aliye na njia ya kujua, na uhai wa mwingine umewekwa mikononi mwake, kutojua kwake ni deni. Upendo hauwezi kulilipa. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Lakini mtu mwenye taa mkononi, ambaye hakuiwasha, hawezi kuulaumu usiku.

Ningependa kuishia hapo, nimewahukumu wengine wote, lakini haki haitaniruhusu. Nilipokuwa na umri wa miaka 22, mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa darasa la nne katika shule moja ya pwani ya kusini ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mvulana mmoja mrefu, nikamketisha nyuma kwa ajili ya urefu wake. Aliwakanyaga wenziwe katika foleni. Alipiga teke ndoo ya maji mara mbili kwa juma moja. Mwenzake akimgusa kwa ubavuni, hugeuka na ngumi. Yaliyoandikwa ubaoni hakuyanakili, na kwa hilo nilimwadhibu mara tatu. Siku moja, hasira zimenipanda, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe ni kifaru." Jina likampata. Tangu siku ile watoto hawakumwita kwa jina jingine, na mimi pia, nimekiri.

Juma la tatu mama yake alikuja. Hakuja kulalamika; alikuja kuniomba nimvumilie. "Mwalimu," akasema, "huyu mwanangu hunisalimu nikishasema neno. Nikinyamaza ukumbini, hupita kando yangu kama apitaye kando ya nguzo. Sijui ni adabu gani hii." Mimi, niliyekuwa nimefundishwa jicho lilivyoumbwa, niliyechora jicho ubaoni na kuandika majina ya sehemu zake zote, nilisimama pale nikahisi ardhi inaniondoka.

Daktari wa macho alimpa miwani mazito. Siku ya kwanza aliyoivaa, aliketi nyuma pale pale, akaanza kusoma yaliyo ubaoni polepole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepata kitabu kipya. Katika pembe ya ubao yalikuwapo majina ya wapiga kelele wa siku iliyopita, kwa mwandiko wangu. La kwanza lilikuwa lake. Alisoma, "Ki-fa-ru." Watoto wakacheka. Nilichukua kitambaa nikalifuta, nikaendelea na somo la hesabu.

Sikumwomba radhi. Nilidhani kufuta kumetosha, na mazoezi yangu yalikwisha baada ya siku chache. Leo ni mtu mzima, naye hajui kwamba namkumbuka. Kwa kipimo cha Aristotle ninayo majuto, na pengine hayo yangenipunguzia hatia. Lakini kwa kipimo cha mwanamke yule wa kisimani sina pa kujificha, maana ilikuwa kazi ya dakika moja: kumwita mtoto mbele na kumwuliza, wayaona haya?

Siku hizi, tunapowapeleka wanachuo wetu katika shule za mazoezi, jambo la kwanza nilitakalo kwao ni kwamba waandike neno moja ubaoni, waende wakae dawati la nyuma, na kila mtoto aketi hapo kwa zamu yake alisome neno lile. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na wako wanaonung'unika kwamba imewala kipindi. Muhula huu, katika darasa lenye watoto 52, wawili hawakuweza kulisoma. Mmoja wao alikuwa na jina la utani.